Muhuri wa Ritsu na Meli ya Waheshimiwa

*Hikone, mwezi wa pili, mwaka wa kumi na tatu wa Meiji*

Ritsu, binti wa marehemu mdogo wangu,

Theluji ya Mlima Ibuki haijayeyuka, na magoti yangu hulijua hilo kabla ya macho. Mama yako mkubwa Toyo ni mzima. Mti wa plamu uani umechanua upande mmoja tu, ule unaotazama ngome, nami naona mti huo una adabu kuliko vijana wa siku hizi. Nimesikia kwamba huko shuleni kwenu Kyoto mnafundishwa na mwanamke mgeni anayeingia na viatu ndani ya nyumba. Natumaini si yeye anayewafundisha adabu.

Sasa sikiliza. Sisi watumishi wa zamani wa ngome tumeanzisha kampuni ya meli ya moshi. Itasafiri ziwani kutoka Hikone mpaka Otsu, na tumeiita Matsukaze. Kila mmoja wetu anatoa hati yake ya serikali, ile tuliyopewa siku walipotukatia mchele wetu wa kila mwaka, na badala yake anapata hisa. Katika kikao cha kwanza tuliketi kama tulivyoketi ngomeni: waliokuwa wakipewa magunia mengi ya mchele mbele, waliopewa machache nyuma. Mimi nilikuwa wa tatu. Vyeo navyo tukagawana kwa mpangilio huohuo. Mwenyekiti ni Mzee Okuno, ambaye hasikii, lakini babu yake alipewa magunia mengi sana.

Yupo pia mfanyabiashara mmoja, Yasubei wa Hachiman, muuza vyandarua. Yeye aliketi mlangoni karibu na viatu, mahali pake. Fedha alizoleta zinazidi zetu sote, na hata haya hakuona. Tulipomuuliza anataka cheo gani, akagusa mkeka kwa paji la uso, akasema, "Mimi sistahili cheo, waheshimiwa. Nipeni usumbufu tu. Kununua makaa, kujenga gati, kukata tiketi. Kazi za kuchafua mikono."

Tukacheka na kumpa zote. Nani kati yetu angesimama gatini kupokea sarafu za wavuvi? Kisha akaomba mstari mmoja katika mkataba: kampuni ikichelewa kumlipa makaa yake, meli iwe rehani kwake. Wa pili kwa cheo akasema, "Mpeni, mpeni aondoke, asiendelee kunuka hapa."

Hati ya baba yako iko kwa jina lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki kichwa cha nyumba yake, ingawa ni kichwa chenye utepe. Nimeambatanisha karatasi. Ipige muhuri wako, uirudishe pamoja na hati. Usisumbuke kuisoma. Imeandikwa kwa lugha ya madukani.

Baba yako mkubwa,
Nagase Tatewaki

*Kyoto, 12 Machi, mwaka wa 13 wa Meiji, ambao wageni huuita 1880*

Baba Mkubwa mheshimiwa,

Naweka mikono miwili kwenye mkeka na kuinama mbele yako. Hapa Kyoto baridi inaanza kuachia. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vilivyopasuka kwa maji ya kufulia, na vyenyewe vinapona. Tafadhali mwambie Mama Mkubwa kwamba koti la pamba alilonishonea linaonewa wivu bwenini. Mwalimu wetu ni kweli huingia na viatu ndani, lakini huvipangusa kwanza.

Nimesoma karatasi. Uliniambia nisisumbuke, Baba Mkubwa, ila haikunisumbua. Imenifanya nitake kuuliza mambo kidogo. Gati litakuwa la nani, la kampuni au la Yasubei? Karatasi haisemi. Tena kuhusu makaa, inasema "ikichelewa kulipa", lakini haisemi ni kuchelewa kwa muda gani. Ikiwa ni siku moja, je?

Nauliza kwa sababu ada yangu ya shule inatoka kwenye faida ya hati hii, na Baba hakuniachia kingine. Mwakani kutakuwa na mtihani. Watakaofaulu watachukuliwa kuwa walimu wasaidizi wa madarasa ya chini. Sijamwambia mtu yeyote kwamba nautamani, kwa hiyo tafadhali usimwambie Mama Mkubwa.

Ukinijibu nitapiga muhuri siku hiyohiyo.

Mtoto wako,
Ritsu

*Hikone, mwezi wa sita*

Ritsu,

Barua yako ilifika zamani. Nimekaa nayo ili hasira ipungue, na haikupungua.

Sisi wote hapa ni wazima. Mama yako mkubwa siku hizi amejipatia shughuli za mikono za kupitisha muda, na ameridhika.

Uliuliza gati ni la nani. Gati ni la mbao. Ulipokuwa mdogo, baba yako alikukataza kugusa sarafu sokoni, na mtumishi ndiye aliyelipa. Leo unamhoji mzee wako kama mke wa muuza tofu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuuliza "ikiwa ni siku moja, je?" Tulikuwa tukipewa, na tulikuwa tukishukuru. Ndiyo hesabu yote tuliyojua, na ngome haikuanguka kwa sababu hiyo.

Meli imeshuka majini, Ritsu! Bomba lake ni jeusi na refu kuliko mnara wa zima moto. Honi ilipolia mara ya kwanza, korongo wote wa ufukweni waliruka, na Mzee Okuno akageuza kichwa. Tulisimama kwenye sitaha kwa mavazi rasmi, kila mtu mahali pake.

Kuna meli nyingine, ya mtu wa Nagahama anayeuza mbolea ya samaki. Yeye hugawa taulo bure kwa abiria. Hugawa na chai. Hupiga ngoma na kuita watu kama mnadani. Yasubei alituomba tufanye hivyohivyo. Tulimjibu kwamba Matsukaze haiiti mtu. Saa ikifika, inaondoka. Anayejiheshimu atajua.

Karatasi bado sijaipata. Nadhani imepotea njiani, kwa sababu siwezi kudhani vingine.

Tatewaki

*Kyoto, 20 Oktoba*

Baba Mkubwa mheshimiwa,

Nainama mbele yako. Majani ya miti ya momiji yamekuwa mekundu, na jikoni wanatupa viazi vitamu vya kuoka Jumamosi. Natumaini magoti yako yanavumilia mvua ya msimu huu.

Karatasi haijapotea. Iko kwenye kasha langu pamoja na muhuri.

Wiki iliyopita shule ilitupeleka ziwani. Tulipanda treni mpya hadi Otsu, kisha ilikuwa tupande meli mpaka Katata kuwatazama bata bukini. Pale gatini Otsu kulikuwa na meli mbili. Mpigangoma wa ile nyingine alituona akaanza, "Dada zangu! Huku taulo, huku chai ya moto! Kule kwa waheshimiwa mtapewa kikohozi tu!" Watu wakacheka na kumfuata. Mbele ya Matsukaze alisimama mzee mmoja mwenye vazi rasmi. Alitamka saa ya kuondoka mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Nilimwomba mwalimu tupande ya kwetu. Nilisema "ya kwetu", Baba Mkubwa. Nilijivuna kidogo.

Aliyetukatia tiketi alikuwa karani wa Yasubei. Sarafu zetu ziliingia kwenye kasha lenye alama ya duka la vyandarua. Nikamuuliza, "Zinakwenda kwa kampuni saa ngapi?"

"Zinaanzia kwenye makaa, binti."

"Na gati?"

"Kisha gati. Unasimama juu yake, hujui lina mwenyewe?"

"Na baada ya hapo?"

Akanitazama kwa huruma. "Baada ya hapo ni jioni."

Tulikaa chini, na wanawake wawili wenye vikapu vya turnipu na mtu mmoja aliyekuwa na jogoo. Hao ndio waliokuwa abiria. Chumba cha juu chenye mikeka mipya kilijaa. Walikuwa wazee wenzako na wake zao na wajukuu, na mmoja alikuja na mganga wake wa macho. Walikunywa pombe ya mchele na kutazama milima. Nikadhani siku hiyo kuna sherehe. Baharia akasema, "Sherehe gani? Ndiyo kila siku hiyo. Wenye meli hawalipi."

Mzee mmoja aliniona ngazini akauliza, "Wewe wa nani?"

"Wa Nagase, mheshimiwa."

"Nagase wa magunia mangapi?"

Nikamwambia. Akafikiri, akasogeza mto wake kidogo, akasema, "Wewe unaweza kukaa hapa pembeni. Wenzako washuke." Wenzangu walikuwa wamelipa, Baba Mkubwa. Tulishuka sote.

Nataka nikuulize tena, kwa heshima ileile ya mwezi Machi. Ikiwa makaa ni ya Yasubei, gati ni la Yasubei na kasha la sarafu ni la Yasubei, ninyi mna nini? Nimefikiria tangu Katata mpaka kitandani, na nimepata jina la meli, na mito ya kukalia.

Ritsu

*Hikone, mwezi wa kumi na moja*

Ritsu,

Sina salamu.

Umekwenda kupeleleza wazee na kupiga soga na karani. Unaandika kuhusu jogoo. Mzee uliyemjibu ngazini aliniambia mwenyewe kwamba binti wa Nagase alikataa mto aliopewa. Nilimwambia kwamba hatuna binti wa namna hiyo.

Yasubei ni mtu wa kuinama. Juzi alikuja hapa kudai makaa, akainama mara nyingi mpaka nikachoka kumtazama, nikamwambia aje baada ya mwaka mpya. Akasema, "Ndiyo, mheshimiwa, kama ulivyosema, mheshimiwa." Mtu kama huyo unamwogopa wewe? Ni mdudu wa kwenye chandarua.

Mimi ndiye kichwa cha ukoo. Karatasi ifike na muhuri kabla ya mwezi kwisha. Hati yako itaziba hilo la makaa, na meli itaendelea. Isipofika, mwaka mpya usije kula keki za mchele za mochi katika nyumba hii, wala usitume salamu.

Tatewaki

*Kyoto, 19 Novemba*

Baba Mkubwa,

Nainama, kwa sababu nilifundishwa kuinama hata nikiwa na hasira.

Nilipoifungua barua yako, uzi ulidondoka mezani. Ulikuwa umenaswa kwenye mkunjo wa karatasi. Ni uzi mfupi wa katani, wa rangi ya kijani. Nikakung'uta bahasha, ukatoka mwingine, mwekundu.

Vyandarua vya Hachiman ni vya kijani na ukingo wao ni mwekundu. Kila mtu katika nchi hii anajua. Kumbe hizo ndizo shughuli za mikono za Mama Mkubwa. Anashona kingo za Yasubei kwenye meza uliyoandikia "mdudu wa kwenye chandarua". Mchele uliokula kabla ya kushika kalamu ulitoka wapi, Baba Mkubwa? Hati yako ilishakwenda. Ya kwangu ndiyo iliyobaki katika ukoo mzima, na ungependa nayo iingie kwenye tanuri la ile meli ili waheshimiwa wapate safari moja zaidi ya kutazama milima.

Mimi nilidhani mnajua jambo nisilolijua. Nilidhani ninyi wakubwa mna sababu, na mkiulizwa hamjibu kwa kuwa mimi ni mdogo. Nilipoona ule uzi nikaelewa kwamba hamjibu kwa sababu hamkuwahi kuuliza. Mliona aibu kusoma mkataba, kuita abiria, hata kulipa nauli. Hamkuona aibu Mama Mkubwa kuharibu macho.

Nawadharau. Neno hilo nimeliandika mara mbili na kulifuta. La tatu nimeliacha. Yasubei simdharau, kwa maana yeye alisema waziwazi anachotaka, mbele yenu wote, nanyi mkacheka.

Sipigi muhuri. Narudisha karatasi kama ilivyokuja. Kama mlango wa nyumba yako umefungwa kwangu mwaka mpya, nitakula mochi ya bweni, ambayo ni ngumu, nami nitawaombea afya nikiwa huku.

Kwa Mama Mkubwa naambatanisha mafuta ya vidole. Ni ya kupaka usiku. Tafadhali mpe, hata kama hutaki kusema yametoka kwa nani.

Ritsu

*Kyoto, 5 Januari, mwaka wa 14*

Baba Mkubwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama Mkubwa.

Uliniambia nisitume salamu. Ninatuma. Theluji imefika hadi kwenye dirisha la darasa letu. Sijapata barua kutoka nyumbani, na kila posta inapoingia huwa najifanya natafuta kitu karibu na mlango.

Mtihani ni mwezi wa tatu.

Ritsu

*Hikone, mwezi wa tatu*

Ritsu,

Mti wa plamu umechanua pande zote mwaka huu. Hauna tena msimamo. Mama yako mkubwa ni mzima na vidole vyake vimepona. Aliyaona mafuta akauliza yametoka wapi. Nikasema yametoka Kyoto. Akasema, "Kyoto ni kubwa." Nikamwambia, "Si kubwa kiasi hicho." Basi.

Kampuni imekwisha. Yasubei alikuja kwenye kikao cha mwezi wa pili akaketi mlangoni karibu na viatu, kama kawaida yake. Akainama. Akasoma ule mstari wa mkataba kuhusu makaa kwa sauti ndogo, mara moja tu. Wa pili kwa cheo akamwambia asogee mbele ili tumsikie. Akajibu, "Asanteni, waheshimiwa, hapa pananitosha. Ninyi kaeni mnavyokaa. Meli tu ndiyo ninayoichukua."

Akavaa viatu, akaenda zake.

Hatukuondoka. Usije ukadhani ni kwa ujasiri. Desturi ni kwamba wa kwanza kutoka ni mwenye kiti cha kwanza, na Mzee Okuno hakuwa amesikia lolote. Alikaa akitabasamu. Hakuna aliyeweza kusimama kabla yake, na hakuna aliyekuwa tayari kumpigia kelele sikioni kwamba hana meli. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia na mtumishi wa nyumba akaja kuuliza kama tunalala hapo. Nilipata muda wa kutosha wa kufikiria barua zako. Sijasema nilizifurahia.

Jina la meli hajalibadilisha. Anasema watu wamelizoea.

Sasa sikiliza jambo la mwisho, na usicheke mpaka ufike chini. Yasubei alimtuma karani kwangu. Anahitaji mtu wa kukata tiketi hapa Hikone, mtu ambaye wahuni wa gatini wanamwogopa kidogo. Nilimfukuza. Akarudi kesho yake. Mama yako mkubwa alikuwa akishona wala hakuinua kichwa, lakini sindano ilisimama.

Nimeanza tarehe moja. Abiria ni watu wa kudharauliwa, Ritsu. Wanatema mate, wanabishania nusu sarafu, wanakuja na bata chini ya nguo ili wasimlipie. Sarafu zao zina joto la mikono yao. Siku ya kwanza nilizipokea kwa upepeo uliokunjuliwa, kama baba yangu alivyofanya alipolazimika, ili nisiziguse. Karani akaninong'oneza, "Mzee, upepeo umejaa na foleni imefika barabarani." Muuza mbolea akatupigia ngoma kwa furaha. Nikauweka upepeo chini.

Hati yako bado unayo? Usinijibu. Iweke.

Mwenye mbolea anashusha nauli tena wiki ijayo. Jana nilijaribu kuita abiria. Sauti ilitoka kama ya kuamuru jeshi, na watu sita wakapanda kwa hofu.

Ukija, usiniite Baba Mkubwa mbele ya watu.

Tatewaki

*Kyoto, 2 Aprili*

Baba Mkubwa mheshimiwa,

Naweka mikono miwili kwenye mkeka na kuinama, na safari hii nimekaa hivyo kwa muda.

Nimefaulu. Nitaanza kufundisha darasa la chini baada ya likizo, hesabu na mwandiko. Hati sijaigusa.

Nitapanda Matsukaze Otsu siku ya kumi ya mwezi huu, chini, pamoja na bata, na tiketi ya kurudi nitainunua kwako. Nitasimama kwenye foleni kama watu wengine. Zamu yangu ikifika nitakuita Baba Mkubwa, kwa sauti ile ya mgawa taulo, ili hata Mzee Okuno asikie. Kisha nitakupa noti kubwa, kwa makusudi.

Nihesabie chenji mkononi mwangu, moja baada ya moja, bila upepeo.

Mtoto wako,
Ritsu